Kumfundisha mtu wa kawaida kuprogramu kwa kuanzia kwenye lahajedwali

Kozi nyingi za kuprogramu huanza kwa kuamuru kompyuta iandike salamu kwenye skrini. Mtu mwenye kazi zake hana matumizi na salamu hiyo. Mwanzishe kwenye Excel, programu ya lahajedwali (majedwali ya safu na mistari), kwa kazi ambayo tayari anaifanya kwa mkono. Hapa mfano ni daftari la vitabu vya kuazima: safu A jina la kitabu, safu B tarehe kilipochukuliwa.

Kwenye C2, yaani seli (kisanduku) ya safu C, mstari wa 2, aandike:

=IF(TODAY()-B2>14,"Kimechelewa","Sawa")

Programu ikiikataa, jaribu nukta mkato mahali pa koma. Mipangilio ya eneo kwenye kompyuta ndiyo huamua ipi itumike. Kabla hajabonyeza Enter, aisome kwa sauti: ikiwa leo kutoa tarehe ya B2 ni zaidi ya siku 14, andika "Kimechelewa", la sivyo andika "Sawa". Asiyeweza kuisoma hivyo amenakili tu, hata jibu likitoka sahihi.

Sasa aiburute fomula hadi mstari wa 30, ikiwemo mistari isiyo na kitabu. Usimwonye. Mistari mitupu yote itaandika "Kimechelewa", na hapo ndipo somo lilipo: seli tupu huhesabiwa kuwa sifuri, na tarehe ya leo ndani ya kompyuta ni namba inayozidi 45,000. Akishaona kwamba tarehe ni namba tu, marekebisho atayaelewa:

=IF(B2="","",IF(TODAY()-B2>14,"Kimechelewa","Sawa"))

Kisha muulize afanyeje siku za kuazima zikiwa 21. Kuhariri fomula zote ni adhabu. Aandike 14 kwenye E1, na ndani ya fomula aweke E1 badala ya 14. Akiiburuta, mstari wa 3 utatazama E2, ambayo ni tupu, na kila kitabu kilichochukuliwa kabla ya leo kitaonekana kimechelewa. Dawa ni $E$1: alama za dola huzuia anwani ya seli isisogee.

Kosa linalosumbua kuliko yote ni #VALUE!. Mara nyingi chanzo ni tarehe iliyoingia kama maandishi. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 25/4 hubaki maandishi na kuegemea kushoto mwa seli. Hatari zaidi ni 3/4, inayogeuka kimyakimya kuwa tarehe 4 Machi bila kosa lolote kuonekana.

Mkono wake ukishazizoea fomula, nenda kwenye makro, yaani hatua ambazo Excel huzirekodi na kuzirudia yenyewe. Tumia Excel ya kompyuta, si ya simu. Calc, lahajedwali ya LibreOffice, nayo hurekodi, lakini msimbo wake (maagizo yanayoandikwa kwa kompyuta) humchosha anayeanza.

Kwenye kichupo cha View, chini ya Macros, aanze kurekodi, abofye C5, aijaze rangi ya njano ya kawaida, asimamishe. Abonyeze Alt+F11 afungue moduli (ukurasa wa msimbo) iliyoandikwa. Kati ya mistari mingi, mwelekeze kwenye miwili:

Range("C5").Select
.Color = 65535

Abadilishe 65535 kuwa 255 na kuiendesha tena: seli inakuwa nyekundu. Kisha achague seli nyingine na kuendesha. Makro itarudi C5 ileile, kwa sababu ndivyo ilivyoagizwa. Akiufuta mstari wa Range, itapaka seli yoyote aliyoichagua. Mabadiliko haya mawili humfundisha kusoma msimbo kuliko saa nzima ya nadharia.

Faili lihifadhiwe kama .xlsm, maana .xlsx hutupa makro. Na afanyie majaribio kwenye nakala: Ctrl+Z haitengui kilichofanywa na makro.