Somo: Kuchagua programu ya kuchorea njumu za mbao kwa mashine ya CNC

Njumu ni nakshi ya kipande cha mbao kinachopachikwa kwenye shimo la umbo lake katika ubao mwingine, na CNC ni mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Wengi huuliza programu ipi ni bora kabla hawajaamua njumu yao itakatwa vipi. Tuanzie hapo, maana ndipo programu nyingi zinapochujwa.

Hatua ya 1: Chagua biti, yaani kisu kinachozunguka cha mashine. Biti iliyonyooka hukata kuta wima. Kazi yake ni nyepesi, ila biti ya mm 3 haiwezi kuchonga kona kali ndani ya shimo. Itaacha mviringo wa nusu kipenyo cha mm 1.5, na ncha ya nyota itagoma kuingia. Biti ya V, yenye ncha iliyochongoka kama herufi hiyo, hupanda juu kadiri inavyoikaribia kona, hivyo kona hutoka kali. Kwa maua, herufi na nakshi nyembamba mimi sihangaiki na nyingine.

Hatua ya 2: Ihoji programu. Swali ni moja: inaweza kukokotoa mchongo wa V unaoanzia chini ya uso wa ubao? Bila hilo, uzuri wa vitufe vyake haukusaidii.

Tuseme shimo lina kina cha mm 4. Kijazo, yaani kipande kitakachoingia humo, kinachongwa kwa mchoro uliogeuzwa kama kwenye kioo, kina cha kuanzia kikiwa mm 3 na kina cha kukata mm 1.5 zaidi. Ukikigeuza na kukibonyeza, kitazama mm 3. Chini inabaki mm 1 ya gundi, na kati ya mbao mbili mm 1.5 ya kupitisha msumeno. Gundi ikikauka, unakata mgongo wa kijazo, unapiga randa, kisha msasa.

Hatua ya 3: Linganisha. VCarve ya Vectric imekamilika kwa kazi hii, lakini ni ya kulipia na imetengenezwa kwa Windows. Toleo la Desktop lina kikomo cha ukubwa wa kazi, la Pro halina. F-Engrave ni ya bure na ina mpangilio wa njumu. Sura yake ni ya kizamani, kazi yake safi. Haisomi faili za michoro za aina ya SVG, kwa hiyo chora kwenye Inkscape, programu ya kuchorea nayo ya bure, kisha hifadhi kama DXF, aina nyingine ya faili la mchoro. Fusion, programu ya kusanifia vifaa, inafaa ukiwa tayari unachoria vifaa vingine humo. Kujifunza Fusion kwa ajili ya njumu peke yake ni kujitafutia kazi.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kulipa. Chora nyota yenye ncha nyembamba, tengeneza njia za biti za shimo na kijazo, kisha tazama onyesho la ukataji. Toleo la majaribio la VCarve linakuruhusu kufika hapo, ila halikupi faili la kukatia kazi yako mwenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, shukrani kwa somo. Nina picha ya JPG tu, nitaitumiaje?*
Kwenye Inkscape igeuze iwe mistari ya vekta, yaani mistari ambayo mashine inaweza kuifuata, kisha punguza kwa mkono vinundu, zile nukta zinazounda mstari. Vinundu vikijazana, biti inatetemeka kwenye mikunjo na ukingo unatoka na meno.

*Biti ya nyuzi 60 au 30?*
Kwenye kina cha mm 4, ya nyuzi 60 hufungua upana wa takriban mm 4.6, ya nyuzi 30 takriban mm 2.1. Sehemu nyembamba kuliko hapo haifiki chini, inaishia na mfereji wa V. Kijazo nacho hutoka na ncha inayolingana, kwa hiyo usiogope. Ya nyuzi 30 ncha yake huvunjika upesi kwenye mbao ngumu, punguza mwendo.

*Fundi, kijazo changu kinakwama kabla ya kuzama. Niilaumu programu?*
Kagua kwanza sifuri ya Z ya kila ubao, yaani kimo ambacho mashine inakihesabu kuwa uso wa ubao. Ukibadilisha biti bila kuipima upya, au ubao ukiwa umepinda kidogo, vipimo vya programu vinapotea vyote. Halafu safisha vumbi kwenye pembe za shimo kwa brashi ngumu; hujikusanya humo na kuonekana kama mbao.