Kidirisha cha paa cha motohomu kinavuja: somo, na jibu la wanaouliza "nipake nini juu?"

Wakuu, swali hili limeulizwa mpaka limechuja, kwa hiyo naandika mara moja na kuanzia leo kila anayeuliza nitamwelekeza hapa. Maji yanaingia pembeni mwa kidirisha cha paa la motohomu (gari la kuishi ndani), mtu anataka kujua apake nini juu. Usipake kitu juu. Kingoe, safisha, kipachike upya. Kinachozuia maji ni tepu ya butili (mpira laini unaonata) iliyobanwa chini ya ukingo wa fremu, na silanti (dawa ya kuzibia) unayoiona kwa nje kazi yake ni kuifunika na kuziba vichwa vya skrubu. Butili ikishaachia, ukipaka juu unayafungia ndani maji yaliyokwisha kuingia, na mbao za paa zinaendelea kuoza mahali usipopaona.

Kabla ya kugusa bisibisi, hakikisha kweli ni kidirisha. Maji ya paa hayadondoki pale yalipoingilia. Yanatambaa kati ya gamba la nje na dari ya ndani, yanafuata fito za mbao na nyaya, na doa linaweza kutokea mita nzima mbali na tundu. Chukua mpira wa maji usio na presha, anza sehemu ya chini ya paa na uende juu taratibu, kila sehemu uimwagie dakika 5 hadi 10 huku mwenzako yuko ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yatatiririka kote na hutajua ni wapi palipovuja. Mashine ya presha ya kuoshea magari iache kabisa, maana inapenyeza maji hata pasipo na kasoro. Kama una kipima unyevu, pima mbao za kuzunguka kidirisha: chini ya asilimia 15 ni salama, 15 hadi 20 pafuatilie, zaidi ya 20 pana maji.

Vifaa. Tundu la kawaida la Ulaya ni milimita 400 kwa 400, la Marekani ni inchi 14 kwa 14. Kwa ukubwa huo mita 2 za butili zinatosha kwa safu moja, nunua 4 kwa sababu huenda ukahitaji safu mbili. Upana milimita 25 hadi 30, unene 3. Silanti mrija mmoja wa aina inayokubaliana na paa lako (soma hatua ya 7 kabla ya kununua). Skrubu mpya za chuma cha pua, urefu uleule wa zile za zamani. Spachula ya plastiki, vitambaa vyeupe, spiriti ya isopropili, tepu ya karatasi. Na kipande cha plaiwudi cha kukalia juu, kwa sababu paa nyingi za motohomu hazikutengenezwa kubeba mguu wa mtu mahali pamoja.

Hatua ya 1. Subiri siku kavu, joto la angalau nyuzi 10, na utabiri usio na mvua kwa saa 24.

Hatua ya 2. Kama kidirisha kina feni au taa, toa fyuzi yake, kisha fungua fremu ya ndani, chomoa nyaya na uziwekee alama.

Hatua ya 3. Kata silanti ya zamani kuzunguka ukingo, toa skrubu, inua fremu kwa spachula ya plastiki. Ikigoma, pasha ukingo kwa kikausha nywele hadi butili ilainike. Usitumie bisibisi kama mtaimbo, utakunja gamba la alumini na mkunjo huo hautanyooka.

Hatua ya 4. Angalia mbao za tundu. Zibonyeze kwa ncha ya bisibisi. Zikiwa ngumu lakini zina unyevu, funika tundu kwa nailoni usiku na ziache zikauke mchana, hata ikichukua wiki. Zikizama, kata ubadilishe. Hakuna kemikali inayorudisha mbao iliyokuwa uji.

Hatua ya 5. Safisha. Butili ya zamani inatoka ukiigongagonga kwa donge la butili hiyohiyo, inajivuta yenyewe. Mabaki yafute kwa spiriti. Kama mwenye gari wa kwanza alipaka silikoni, hapo ndipo kazi ilipo: silikoni huacha utando usioonekana, na hakuna kinachoshika juu yake, hata silikoni mpya. Ikwangue, tumia kiondoa silikoni kinachoruhusiwa kwa paa lako, kisha spiriti. Jaribio rahisi ni kudondoshea maji: yakijikusanya vitone pale tu na kwingine yanatandaa, utando bado upo. Tahadhari mbili. Paa la mpira wa EPDM halitaki petroli, thina wala kiyeyushi chochote cha mafuta, linavimba na kuachia gundi yake. Na kifuniko chenyewe cha kidirisha, ambacho mara nyingi ni akriliki, usikipake spiriti: kinafanya nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Maji na sabuni vinatosha.

Hatua ya 6. Kupachika. Hii ndiyo inayoharibu kazi za watu wengi, kwa hiyo isome mara mbili. Bandika butili chini ya ukingo wa fremu, ukiacha karatasi yake juu mpaka dakika ya mwisho. Usiivute kuzunguka kona. Ukiivuta inakuwa nyembamba palepale maji yanapopenda, na baadaye inajirudi na kuacha mwanya. Kata kwenye kila kona, kipande kinachofuata kilalie juu ya cha kwanza kwa sentimita 1, kisha kanda kwa dole gumba hadi usihisi ngazi. Paa likiwa na mabonde au vipele, weka safu mbili. Shusha fremu wima; ikishagusa usiisogeze, maana ukiisogeza butili inajikunja. Sasa skrubu. Drili iache chini, tumia bisibisi ya mkono. Kaza zote nusu, kwa mtindo wa msalaba, kona moja kisha ya mkabala. Pumzika nusu saa. Butili haikimbii, inatambaa polepole, na ukikaza kwa mkupuo mmoja plastiki inapinda katikati ya skrubu mbili: penye skrubu butili yote imetoka, katikati pana tumbo lenye hewa. Kwa macho imebana vizuri kabisa, mvua ya kwanza inaingia. Rudia kwa zamu hadi butili ichungulie milimita 2 hadi 3 sawasawa pande zote nne, hapo simama. Kesho yake pitia tena, kila skrubu itakubali robo mzunguko. Ikikubali mzunguko mzima, jana hukukaza kwa zamu. Ukisikia mlio wa kupasuka, fremu imekwenda, hakuna kuilazimisha.

Vidirisha vingi vya Ulaya havina skrubu za juu, vinabanwa kutoka ndani na fremu ya dari. Kanuni ni ileile, ila mtu mmoja abaki juu akitazama butili ikitoka, maana aliye ndani haoni kitu.

Hatua ya 7. Kata butili iliyozidi baada ya kukaza mara ya pili, si kabla. Funika ukingo na vichwa vya skrubu kwa silanti. Paa la EPDM: silanti inayojisawazisha iliyoandikwa kwamba inafaa EPDM. Alumini au faibaglasi: poliyurethani au polima mchanganyiko. Sehemu za wima: aina isiyotiririka, ile ya kujisawazisha itakushukia mpaka dirishani. Poliyurethani isiguse akriliki wala polikaboneti, inaipasua taratibu.

Hatua ya 8. Rudisha nyaya, fremu ya ndani, fyuzi. Jaribu kwa maji baada ya saa 24, si leo.

MASWALI

Swali: Somo zuri mkuu. Ila kama sina muda wa kungoa, silikoni ya bafuni haiwezi kusaidia?

Jibu: Hapana. Hatua ya 5.

Swali: Mimi nimepaka silikoni miaka yote na gari halivuji. Naona unatisha watu bure.

Jibu: Sitishi mtu. Silikoni inazuia maji vizuri kabisa siku inapokuwa mpya. Tatizo ni siku itakapoachia, maana hutaweza kupaka kingine juu yake. Tena ile inayonuka siki inatoa asidi ikikauka, inakula alumini na vichwa vya skrubu. Kipime unyevu kidirisha chako kisha rudi hapa na namba. "Halivuji" maana yake dari bado haijapata doa.

Swali: Samahani fundi, naomba kuelewa. Kama butili ndiyo inayozuia maji, kwa nini silanti ya juu? Na kama silanti inazuia, kwa nini butili?

Jibu: Swali zuri sana dada. Paa linacheza. Plastiki ya fremu na alumini havitanuki kwa kiwango kimoja juani, na gari likitembea mwili wote unajisokota. Butili haikauki hadi kuwa ngumu, inabaki kama ubani uliotafunwa, kwa hiyo inafuata huo mchezo bila kukatika. Udhaifu wake ni kwamba jua na vumbi vinaichosha ikibaki wazi, na haizibi tundu la skrubu kwa juu. Silanti inavumilia jua, ila ni ukanda mwembamba ulioshika pembeni tu, ufa mmoja na maji yako chini. Ndiyo maana silanti unaikagua kila miezi 6 na kuirudishia inapochanika, wakati butili unaisahau kwa miaka.

Swali: Nimefuata hatua zote bado inavuja. Msaada.

Jibu: Paa la aina gani? Inavuja kona au katikati? Ulikaza kwa kifaa gani?

Swali: Alumini. Katikati ya upande wa nyuma. Nilitumia drili lakini niliiweka nguvu ndogo.

Jibu: Hatua ya 6, sentensi ya drili. Ngoa, butili mpya, mkono.

Swali: Kwangu maji yanadondoka alfajiri hata kama hakujanyesha. Nimeshapaka mara tatu.

Jibu: Huo ni mvuke wa pumzi na wa kupikia, unageuka matone kwenye fremu baridi. Bandika nailoni kwa tepu juu ya sehemu kavu ya dari usiku kucha. Unyevu ukiwa upande wa nailoni unaokutazama, ni hewa ya ndani. Ukiwa upande wa dari, kuna maji yanatoka juu. Kama ni hewa, acha kidirisha wazi kidole kimoja unapopika na unapolala. Silanti zako tatu hazikuwa na kosa.

Mchangiaji: Nyongeza, wakuu. Madirisha ya pembeni yana vitundu vya kutolea maji chini ya reli. Vikiziba kwa vumbi, maji yanajaa na kumwagikia ndani, mtu analaumu paa. Zibua kwa kijiti, si kwa waya, waya unachana mpira.

Jibu: Kweli kabisa. Ongeza taa ndogo za juu mbele na nyuma, nyingi zimeshikwa na gaskiti tu na hakuna anayezikumbuka. Na ukiegesha kwa muda mrefu, inamisha gari kidogo upande mmoja ili maji yasitulie juu.

Swali: Nataka kuweka paneli ya sola. Nitoboe au nigundishe?

Jibu: Faibaglasi au alumini laini: vishikio vya plastiki na gundi ya poliyurethani, safisha kama hatua ya 5, usiendeshe kwa saa 48. EPDM: gundi inashika mpira, na mpira wenyewe umegundishwa tu kwenye mbao, upepo wa barabarani unaweza kung'oa vyote pamoja. Hapo toboa kwenye fito, butili chini ya kila kishikio, silanti juu. Tundu la nyaya liwe na kifuniko chake kinachoelekea nyuma ya gari.

Swali: Matundu ya skrubu zangu yamelegea, skrubu inazunguka bure. Niweke ndefu zaidi?

Jibu: Pima kwanza unene wa paa, ndefu zaidi inaweza kutokea darini au kuchoma waya. Mbao ikiwa kavu na nzima, jaza tundu kwa vijiti vya mbao vilivyochovywa gundi isiyoogopa maji, acha ikauke siku moja, kata usawa wa mbao, kisha toboa upya kwa drili nyembamba kuliko skrubu. Hapo drili inaruhusiwa.