Kabla ya Kumwingiza Farasi Mchanga Kwenye Dresaji: Yanayopimika na Yanayobaki kwa Jicho la Jaji

Mwenye farasi mchanga hapa Unguja anayefikiria kumwingiza mnyama wake kwenye mashindano ya dresaji, ambayo mpanda farasi hutakiwa kumwendesha mnyama ndani ya kiwanja kilichopimwa, kwa mfuatano wa miondoko uliopangwa, huku majaji wakitoa alama, hana budi kwanza kujua anaingia kwenye mchezo wa namna gani. Hapa hakuna saa ya kumtangaza mshindi, wala kikwazo ambacho ama kimeanguka au kimesimama. Kila alama hutoka machoni mwa mtu, na kwa farasi mchanga macho hayo huulizwa swali moja la ziada, ambalo ni gumu kuliko yote: mnyama huyu atafika wapi atakapokomaa? Kwa rai yangu, maandalizi yote ya maana huanzia katika kuitenga sehemu ya alama inayopimika na ile iliyo rai ya jaji, kisha kuishughulikia ile ya kwanza mpaka isiwe na kasoro ya kuonekana.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi huingia bila ya kuijua. Katika jaribio la kawaida kila kipengele hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na nusu alama huruhusiwa. 10 ni bora kabisa, 5 ni ya kupita kwa shida, 4 haitoshi, na 0 maana yake hakuna kilichofanyika. Vipengele ni vingi, na baadhi yao huzidishwa mara mbili kwa uzito wake, hivyo jaji akimnyima mtu alama moja mahali pamoja kwenye jaribio lenye jumla ya alama 250, hasara yake ni asilimia 0.4 tu. Majaribio ya farasi wa miaka mitano na sita yanayotumiwa na FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, hayakujengwa hivyo. Alama ni tano: mwendo wa matiti (mbio ndogo za mapigo mawili), mwendo wa kutembea, shoti iliyotulizwa (mbio za mapigo matatu), utiifu, na mwisho mustakabali wa mnyama kwa ujumla wake. Mnyama aliyepata 7.5, 7.0, 7.2, 6.8 na 7.0 ana jumla ya 35.5 kati ya 50, sawa na asilimia 71. Sasa jaji akimshushia alama moja tu kwenye mustakabali, farasi huyo huyo, kwa mwendo ule ule, anabaki na asilimia 69. Mtu asiyeujua mpango huu hutoka kiwanjani akidhani amedhulumiwa, ilhali karatasi yenyewe ndiyo iliyoipa rai ya mtu uzito mkubwa, na iliwekwa hivyo kwa makusudi, kwani lengo la majaribio haya ni kutafuta kipaji, na utimilifu wa mafunzo huangaliwa zaidi katika umri wa baadaye.

Anayehudhuria mashindano ya kuhifadhi Qur'ani hapa kwetu hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Msomaji aliyeruka aya ameruka, na hakuna anayebisha. Lakini juu ya uzuri wa sauti, masheikh wawili waliokaa meza moja wanaweza kutofautiana, na wote wakawa waadilifu. Katika dresaji pia yapo ya kuruka aya. Duara la mita 20 lililogeuka yai, kusimama kwa miguu isiyolingana, kuanza shoti baada ya herufi iliyotajwa (herufi huwekwa kukizunguka kiwanja kuonyesha mahali) badala ya kwenye herufi yenyewe, na mapigo ya mwendo yaliyovurugika, yote hayo huonekana na kila jaji aliyefundishwa kazi yake. Kutembea kuna mapigo manne, matiti mawili, shoti iliyotulizwa matatu, na anayesikiliza kwato hata kama amefumba macho atajua pigo limepotea. Ulaini wa mgongo, uzito wa mkono kwenye hatamu na msukumo unaotoka miguu ya nyuma vimo katikati, kwani vina dalili zake za wazi lakini kila jaji huzipima kwa mizani yake. Mustakabali ndio uliobaki kuwa ubashiri.

Ubashiri huo haukuwa na uhakika hata kwa wakubwa. Farasi Sezuan alitwaa ubingwa wa dunia wa farasi wachanga mara tatu mfululizo, mwaka 2014 akiwa na miaka mitano, 2015 na 2016, jambo ambalo kabla yake halikuwa limewahi kutokea. Hata hivyo dhahabu za mtu mmoja mmoja za Olimpiki zilikwenda kwa wengine, kwa Valegro kule Rio mwaka 2016, na kwa jike Dalera katika michezo ya Tokyo na ya Paris. Majaji wa Sezuan hawakukosea kwa walichokiona siku ile; walichoulizwa ndicho kisichojulikana. Upendeleo wa wazi ni jambo jingine, nao una historia yake. Mwaka 1956, michezo ya farasi ya Olimpiki ilifanyika Stockholm badala ya Melbourne kwa sababu ya sheria za karantini za Australia, na huko majaji walilaumiwa vikali kwa kuwapandisha wapanda farasi wa nchi zao. Roma mwaka 1960 hapakuwa kabisa na dresaji ya timu. Ni kwa sababu kama hizo mashindano makubwa ya leo yana majaji kadhaa waliotawanywa kukizunguka kiwanja, tena hesabu ya kila mmoja hutangazwa hadharani.

Kutawanywa huko kuna somo kwa anayejiandaa. Jaji aliyekaa kwenye herufi C, mwisho wa kiwanja, huona unyoofu wa farasi anayemjia uso kwa uso, lakini urefu wa hatua haumfikii vizuri. Aliyekaa ubavuni, kwenye E au B, huona kwato ya nyuma inavyoipita alama ya kwato ya mbele, lakini kupinda kidogo kwa kiuno humpita. Kwa hiyo tofauti ya alama kati yao si lazima iwe ya ladha, na mara nyingine ni ya kiti tu. Kwenye madaraja ya farasi wachanga, majaji aghalabu hukaa pamoja na kutoa alama moja ya makubaliano, kisha mmoja wao huieleza kwa kipaza sauti. Mwenye farasi asitarajie basi kupata hesabu mbili za kulinganisha. Ajiandae kusikiliza maelezo.

Kabla ya kiwanja, mwili wa mnyama. Mifupa ya mgongo wa farasi huchelewa kukomaa kuliko ya miguu, hadi mwaka wa tano na kuendelea, na anayemkaza farasi wa miaka minne ajikusanye, yaani abebe uzito zaidi kwa miguu ya nyuma, kama aliyekomaa atalipwa alama nzuri msimu mmoja na ulemavu msimu unaofuata. Meno nayo yanataka kuangaliwa kwa karibu zaidi kuliko watu wanavyofanya. Kuanzia miaka miwili na nusu hadi minne na nusu farasi hung'oa meno yake ya utoto; gego la zamani hukaa juu ya jipya kama kofia, likalegea, likachoma ufizi, na siku hiyo mnyama hutupa kichwa kila hatamu inapokazwa. Jaji halioni jino, bali huona kichwa kinachotupwa, na ataandika kwamba farasi hakubali lijamu, kile chuma cha mdomoni. Hataonea kwa kuandika hivyo. Daktari wa mifugo au mtu anayejua kazi ya meno ya farasi atie mkono mdomoni wiki kadhaa kabla, na lijamu lijaribiwe upya baada ya hapo. Kidole kikipitishwa pembeni mwa mdomo, pale lijamu linapokaa, kisikute kidonda wala ngozi iliyokwaruzwa.

Kisha tabia. Farasi wengi wa Unguja wa leo hupata mkate wao kwa kupandisha wageni ufukweni, na farasi mchanga anayekulia katika kazi hiyo hujifunza kufuata mkia wa mwenzake. Dresaji humtaka aingie peke yake, asimame katikati, na asiwatafute wenzake kwa sauti. Mazoezi ya upweke, kidogo kidogo, ni ya lazima kuliko mazoezi ya mwondoko wowote wa fahari, kwa sababu farasi anayelia akiwaita wenzake hupoteza utulivu wa mgongo, na alama ya utiifu huondoka naye.

Mpandaji naye ana lake la kuacha. Sisi tuliokulia karibu na punda wa mizigo hatuwezi kumwendesha mnyama bila ya kupiga ulimi. Ni desturi iliyoingia mdomoni. Kwenye dresaji sauti hairuhusiwi, na jaji akiisikia hukata alama. Mwaka 1932 kule Los Angeles, Mswidi Bertil Sandström alishushwa kutoka nafasi ya pili hadi ya mwisho kwa kutuhumiwa kumhimiza farasi wake kwa sauti ya ulimi, ijapokuwa yeye alijitetea kwamba kilichosikika ni tandiko lake likilia. Tandiko basi lipakwe mafuta, na ulimi utulie tangu mazoezini, maana siku ya shindano hautakumbuka wenyewe.

Kwa kiwanja, sisi tumejaliwa kitu ambacho wenye mabanda ya gharama hawana. Mchanga mgumu wa Paje na Jambiani maji yanapotoka huhifadhi kila kwato. Kiwanja kidogo ni mita 20 kwa 40: herufi A na C ziko katikati ya pande fupi, E na B katikati ya pande ndefu, na K, H, M na F ziko mita 6 kutoka kila pembe. Kamba ya mita 10 na mtu mmoja wa kuishika katikati vinatosha kuchora duara la kweli; farasi alizunguke, kisha mpandaji ashuke na kutazama nyayo zimeiacha kamba wapi. Kwenye mstari ulionyooka, kwato za nyuma zikikanyaga njia ya kwato za mbele, mnyama ni mnyoofu. Zikitoka upande mmoja, amepinda, na hakuna haja ya kumsubiri jaji aseme. Katika kutembea, wayo wa nyuma uangaliwe kama umepita mbele ya wayo wa mbele, na kwa kiasi gani. Yote hayo yanapimika kwa kamba na kwa macho ya mwenyewe, wiki nyingi kabla ya kumlipa mtu ada ya kushiriki. Tahadhari ni kwamba wakati wa bamvua maji hutoka sana karibu na saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapanda, hivyo kazi iwe fupi; na kwamba pwani hizo zina mashamba ya mwani, yenye vigingi na kamba ambazo farasi hazioni, kwa hiyo wenye mashamba waulizwe kwanza, na sheha aarifiwe.

Kwa kuwa safari ya bara ni ndefu kwa mnyama, wapo wanaoanzia kwenye mashindano ya video, ambayo jaji wa mbali hupelekewa picha na kurudisha karatasi ya alama. Masharti ya kawaida ni picha moja isiyokatwa, tangu kuingia mpaka salamu ya mwisho, na kamera hukaa mara nyingi kwenye C. Ile kasoro ya kiti tuliyoitaja inarudi hapa kwa nguvu: hatua ndefu ya farasi itaonekana fupi, na mwanga wa jua la asubuhi ukiwa nyuma ya farasi, miguu yake itakuwa kivuli kitupu. Kwenye pwani ya mashariki, kamera iipe bahari mgongo asubuhi. Upepo wa kusi nao hutikisa bendera na nguo za watazamaji, na farasi mchanga huvitazama hivyo badala ya kazi yake.

Anayeamua kuvuka aanze na makaratasi, yaani vibali vya kusafirisha mnyama na uchunguzi wa daktari wa mifugo, pande zote mbili za bahari. Unguja ilifanikiwa kuwaondoa mbung'o katika miaka ya 1990 kwa njia ya kuachia madume waliotasishwa, lakini bara wapo, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, huua farasi. Maradhi ya farasi ya Afrika huenezwa na usubi wanaotoka jioni na usiku, hivyo mnyama aingizwe bandani kabla ya magharibi, na suala la chanjo lijadiliwe mapema kwa sababu baada yake huhitaji kupumzishwa. Joto la unyevunyevu wa kwetu lina hatari nyingine: wapo farasi wanaoacha kutoka jasho. Ngozi kavu baada ya kazi, na pumzi ya haraka isiyotulia kivulini, ni sababu ya kuahirisha, kwani jaji ataona uvivu mahali ambapo pana ugonjwa.

Karatasi ya alama ikirudi, isomwe kuanzia maandishi, na tarakimu zifuate baadaye. Palipoandikwa kwamba duara halikuwa duara, au kusimama hakukulingana, parudiwe mchangani kwa kamba. Palipoandikwa kwamba mnyama hana mvuto, pawekwe kando mpaka majaji wawili au watatu wengine, wasiojuana, wamemwona. Wakisema hivyo hivyo wote, huenda ni kweli, na bado farasi huyo anaweza kufaa kwa kazi nyingine. Wakitofautiana, basi ile ya kwanza ilikuwa rai ya mtu mmoja kwa siku moja. Kila karatasi iandikwe tarehe, umri wa farasi kwa miezi, hali ya meno, na kama ilikuwa kaskazi au kusi, kisha ihifadhiwe pamoja na video yake.