Kusoma Majibu ya Homoni za Tezi ya Shingo kwa Mtoto, Mjamzito na Mzee

Mwongozo huu nauandika kwa waganga na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vya Mtwara na Lindi, ambao hupokea kutoka mjini majibu ya vipimo vya thairoidi, yaani ile tezi ya shingo ambayo ikivimba huitwa rovu, kisha wakalazimika kumweleza mgonjwa ilhali daktari bingwa yuko mbali. Nimefanya kazi ya maabara Mtwara kwa miaka mingi, na kosa ninalokutana nalo mara kwa mara ni kudhani kwamba kiwango kilichochapwa pembeni mwa jibu ni cha kila mtu, wakati kwa kawaida ni cha mtu mzima asiye mjamzito.

Hatua ya kwanza: soma fomu kabla ya namba. Umri wa mtoto mchanga uandikwe kwa saa au siku, na umri wa mimba kwa wiki. Neno "mtu mzima" halitoshi. Uliza pia dawa anazotumia, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, na vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (aina ya vitamini) nyingi, ambavyo huweza kupotosha kipimo na vinafaa kuachwa angalau siku 2 kabla ya kutoa damu.

Hatua ya pili: tambua kilichopimwa na kizio chake. TSH hutoka katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na ndiyo inayoiamuru thairoidi. Thairoidi ikilegea TSH hupanda, ikizidisha kazi TSH hushuka. Kwa watu wazima maabara nyingi hutumia TSH ya takriban 0.4 hadi 4.0 mIU/L, na T4 huru, yaani homoni ya thairoidi isiyoshikwa na protini katika damu, ya takriban 0.8 hadi 1.8 ng/dL. Jibu la T4 huru likija kwa pmol/L, ligawanye kwa 12.9 kabla ya kulilinganisha na namba hizo. Kumbuka kuwa kiwango hiki huwekwa kwa kuchukua watu 95 wa katikati katika kila watu 100 wenye afya, hivyo watano waliobaki huwa nje yake bila ugonjwa wowote.

Hatua ya tatu: mtoto mchanga. Hapa naomba uangalifu wa pekee. Katika nusu saa ya kwanza baada ya kuzaliwa TSH huruka hadi 60 au 80 mIU/L, kisha hushuka haraka ndani ya siku moja na kuendelea kupungua katika wiki ya kwanza. Namba ambayo saa chache baada ya kuzaliwa ni ya kawaida kabisa, siku ya 14 ni hatari, kwa sababu mtoto aliyezaliwa na thairoidi isiyofanya kazi hudumaa ubongo asipoanza dawa mapema, na wiki 2 za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa. Ukiona TSH imezidi 20 katika umri huo, mpe mama rufaa siku hiyohiyo, usimwambie arudi mwezi ujao. Kwa watoto wakubwa, TSH na T3 (homoni nyingine ya thairoidi) huweza kuzidi kidogo za watu wazima, kwa hiyo iombe maabara kiwango cha umri wao.

Hatua ya nne: jinsia. Mwanamume na mwanamke asiye mjamzito hutofautiana kidogo sana, ingawa wanawake huugua thairoidi mara nyingi zaidi. Kinachobadilisha namba ni mimba: homoni ya kondo huiamsha thairoidi, hivyo TSH hushuka katika miezi 3 ya kwanza, na T4 ya jumla (iliyo huru pamoja na iliyoshikwa na protini) hupanda hadi kufikia takriban mara moja na nusu ya kawaida kuanzia wiki ya 16. Vidonge vyenye estrojeni navyo hupandisha T4 ya jumla, lakini T4 huru hubaki ilipokuwa.

Hatua ya tano: mzee. Baada ya miaka 70 TSH hupanda polepole, na kwa waliozidi 80 hata 7 huweza kuwa ya kawaida. Namkumbuka bibi wa miaka 81 aliyeletwa na wajukuu kutoka Newala baada ya korosho kuuzwa, TSH yake ikiwa 6.3 na T4 huru ikiwa katikati ya kiwango. Tayari wajukuu walikuwa wamekwisha kununua levothairoksini, dawa ya kuongeza homoni ya thairoidi. Kumpa mzee dawa hiyo bila sababu huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa.

Hatua ya sita: isipokuwa kwa mtoto mchanga, mjamzito au mgonjwa mwenye dalili kali, TSH iliyopita mpaka kidogo irudiwe baada ya miezi 2 hadi 3, katika maabara ileile na ikiwezekana asubuhi kama mara ya kwanza, kwani TSH hupanda usiku na kushuka mchana. Aliyelazwa kwa malaria kali au homa ya mapafu asubiri apone kwanza, na siku ya kurudi aje na karatasi ya jibu la awali.