Laptopu ya Viraka Isipowaka: Ufuate Moto Mpaka Unapokatikia

Mashine ninayoandikia haya ni ya viraka. Bodi, yaani ile sakiti kuu ya ndani, niliitoa kwenye laptopu iliyopasuka kioo. Ganda lake, pamoja na kibodi na tundu la chaja, ni la mashine nyingine ya toleo lilelile. Betri imetoka kwa ya tatu, na chaja nilikuwa nayo kwenye boksi la nyaya. Siku ya kwanza iliwaka kama dakika mbili, ikazima ghafla kama taa iliyokatwa swichi. Nilipoteza jioni tatu kuilaumu bodi, na bodi haikuwa na kosa lolote.

Laptopu iliyotoka kiwandani ikigoma, kwa kawaida kuna kitu kimeharibika. Ya viraka inaweza kugoma hali kila kipande ni kizima, ila vipande havijapatana. Kwa hiyo usianze kwa kutafuta kilichokufa. Tafuta moto, yaani umeme, unafika wapi, na unakatikia wapi.

Kwanza hakikisha tatizo ni la moto kweli. Ukibonyeza kitufe, feni ikazunguka au taa ikawaka lakini kioo kikabaki cheusi, moto upo. Hapo hangaika na RAM (kadi ya kumbukumbu) na waya wa kioo. Nimeona watu wanachomelea tundu la chaja wakati kilichohitajika ni kuitoa RAM, kuifuta meno na kuirudisha.

Kama ni kimya kabisa, chomoa chaja na betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Baada ya hapo punguza mzigo: acha bodi, prosesa na kipoza joto chake, feni, na RAM moja tu. Diski, Wi-Fi na kamera vikae pembeni. Ikiwaka hivyo, rudisha kimoja kimoja, na kila mara chomoa moto kabla hujagusa kitu.

Sasa chaja. Soma kibandiko chake. Volti lazima zilingane na za mashine. Ampea zikizidi hakuna ubaya, zikipungua ndipo balaa huanza. Zidisha volti kwa ampea upate wati: 19.5 kwa 3.34 ni kama 65, na 19.5 kwa 4.62 ni 90. Bodi yenye kadi yake ya picha ikipewa 65 huku inataka 90 itaanza vizuri, kisha itazima ukiipa kazi nzito. Pia tazama ncha ya chaja. Katika Dell nyingi kuna sindano nyembamba katikati, na kazi yake ni kuiambia bodi chaja hii ina wati ngapi. Sindano ikipinda au waya wake ukikatika, mashine inawaka lakini betri haichaji na prosesa inajikokota. Chaja za USB-C nazo huanza na volti 5, kisha zinakubaliana na mashine kupanda, mara nyingi hadi 20. Ukipima ukakuta imeganda kwenye 5, hawajaelewana.

Hapa kwenye kupima ndipo nilipodanganyika. Multimita, yaani kipima umeme, ilinionyesha volti 19.6 kwenye ncha ya chaja, nikaridhika, nikaenda kuchokonoa bodi. Lakini chaja isiyobeba mzigo haisemi ukweli. Jioni ya tatu niliweka ncha za multimita pale waya wa tundu unapochomekwa kwenye bodi, nikaiwasha mashine huku nikitazama namba. 19.4. Feni ilipoanza kuvuma ikashuka 17, ikashuka 13, giza. Nikagusa waya wa tundu: wa moto kama kikombe kilichotoka jikoni. Nilipochuna ganda lake nikakuta nyuzi karibu zote zimekatika pale ulipokunjwa kupita chini ya bawaba, zimebaki tatu au nne. Nyuzi hizo zinatosha kuionyesha multimita 19.4, lakini haziwezi kuendesha laptopu. Nikauhamisha waya wa ile mashine iliyopasuka kioo, na tatizo hilo likaisha. Tangu hapo, kabla ya vipimo vyote, napapasa ncha ya chaja na tundu baada ya dakika chache za kazi. Panapopata joto kuliko pengine ndipo moto unapobanwa.

Likaisha hilo, likaja langu mwenyewe. Nilifunga skrubu zote, nikabonyeza, kimya. Hata taa ya chaja yenyewe ilizimika nilipochomeka. Hiyo ni dalili ya shoti: chaja nyingi hujizima zikikutana nayo. Chomoa kila kitu, weka multimita kwenye ohmu, pima kati ya chanya na hasi pale tundu linapoingia kwenye bodi. Ikisoma karibu na 0 na ikabaki hapo, ni shoti. Lakini usikimbilie kubadilisha kapasita, vile vipande vidogo vya kutunza chaji kwenye bodi. Itoe bodi kwenye ganda, iweke juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme, upime tena. Shoti yangu ilitoweka palepale. Mkosaji alikuwa skrubu ya milimita 8 niliyoifunga kwenye shimo la skrubu ya milimita 4. Ncha yake ilipenya ikagusa bodi kwa chini. Ukivunja mashine mbili, skrubu zinachanganyika, na zote zinafanana. Siku hizi nazibandika kwenye karatasi kwa mpangilio wa mashimo yake. Shoti ikibaki hata bodi ikiwa nje, basi ni ya bodi yenyewe, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye hadubini na mkono mtulivu.

Betri nimeiacha nyuma kwa makusudi, kwa sababu mashine nyingi huwaka bila hiyo. Iliyovimba usiibonyeze, usiitoboe, usijaribu hata kidogo kuifufua. Itoe ukaipeleke panapopokewa taka za betri. Ambayo haijavimba ikisoma 0 kwenye meno yake, usiitupe haraka, kwa kuwa nyingi huzuia umeme usitoke mpaka ziongee na laptopu. Ichomeke, uiache kwenye chaja saa moja, utazame kama asilimia inapanda. Na baadhi ya mashine huchagua: ThinkPad T430 na X230, kwa mfano, hukataa kuchaji betri zisizotambuliwa na programu ya bodi, hata kama seli ni mpya.

Betri ndogo ya saa, CR2032, ipime tu. Inatakiwa iwe karibu na volti 3. Ikichoka, saa na mipangilio hupotea.

Kila kitu kikikubali, ipe prosesa kazi nzito nusu saa ikiwa kwenye chaja peke yake, bila betri, ukipapasa tundu. Kisha rudisha betri, ichaji, uchomoe chaja kazi ikiendelea. Ikizima hapo huku ikidai ina asilimia 60, betri ndiyo inayosema uongo.