Somo: Jinsi ya kuchambua kuvunjika moyo kwa askari kijana katika riwaya za vita

Wakuu, swali hili linarudi kila mara: "Naomba msaada, riwaya hii inaonyeshaje askari anavyovunjika moyo?" Na majibu ni yaleyale: vita ni vibaya, kijana aliona vifo, akabadilika. Huo si uchambuzi, kwa sababu unaweza kubandikwa kwenye riwaya yoyote ya vita, hata ambayo hujaifungua. Nimeamua kuandika somo zima mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mfano wangu mkuu ni riwaya ya Erich Maria Remarque, Im Westen nichts Neues, iliyotoka kama kitabu mwaka 1929. Wengi wameisoma kwa Kiingereza kwa jina la All Quiet on the Western Front. Inamfuata Paul Bäumer, kijana wa Kijerumani anayetoka darasani na kuingia kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Kama hujaisoma, ujue nitaeleza mpaka mwisho wake.

Hatua ya 1. Soma kitabu chote. Muhtasari hautoshi.

Hatua ya 2. Andika aliamini nini kabla ya kwenda, na nani alimwaminisha. Bila hili huna uchambuzi, maana huwezi kuonyesha kitu kimevunjika kabla ya kuonyesha kilikuwa kizima. Kwa Paul, aliyemwaminisha ni mwalimu wake, Kantorek, aliyewahutubia wanafunzi mpaka darasa zima likaenda kujiandikisha nyuma yake. Mmoja wao, Behm, hakutaka kwenda. Alikubali kwa sababu asingevumilia kutengwa, na ndiye aliyetangulia kufa. Remarque halalamiki hapo, anaweka tu mambo mawili karibu karibu na kumwachia msomaji.

Lakini usikimbilie kuandika "uzalendo" kila mahali. Katika Sozaboy ya Ken Saro-Wiwa (1985), kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria, kijana Mene hasukumwi na hotuba ya mwalimu. Anavutwa na sare, na Agnes, msichana anayetaka mwanaume wa kumlinda, na majigambo ya Zaza, askari wa zamani, kuhusu alivyopigana Burma. Hata vita vinagombania nini hajui vizuri. Kwa hiyo kinachokuja kuvunjika kwake si imani juu ya taifa, ni picha ya uanaume aliyouziwa. Ukikosea hapa, kila utakachoandika mbele kitakuwa kimepinda.

Hatua ya 3. Chagua kitu kimoja kinachoshikika, ukifuate mpaka mwisho. Kwa Remarque fuata buti. Kemmerich amelala hospitali, mguu umekatwa na yeye bado hajajua. Chini ya kitanda kuna buti zake nzuri za ngozi laini, zile ndefu za kufunga kwa kamba mpaka juu. Rafiki yake Müller anaziangalia na kuanza kuulizia kama ataziacha. Mara ya kwanza unamchukia Müller. Kisha Paul anaeleza kwa utulivu kabisa kwamba Müller anampenda Kemmerich kama wengine wote, ila buti nzuri ni adimu na Kemmerich hatazihitaji tena. Baadaye Müller anakufa, buti zinahamia kwa Paul, na Paul ameshamwahidi mwenzake Tjaden kwamba atazirithi. Soma tena jinsi anavyosema hivyo, bila kushtuka. Kijana aliyeondoka nyumbani na maneno makubwa sasa anapanga urithi wa viatu, akijihesabu yeye mwenyewe kama marehemu anayefuata. Ukiandika aya moja nzuri juu ya buti hizo umefanya kazi kubwa kuliko kurasa tatu za "aliona mambo ya kutisha".

Hatua ya 4. Tenganisha hofu na kupoteza imani. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo someni taratibu.

Hofu ni ya mwili na ya wakati ule. Kupoteza imani ni hukumu juu ya waliokutuma na sababu walizokupa. Vinaweza kuja pamoja, lakini kimoja hakithibitishi kingine. Chukua The Red Badge of Courage ya Stephen Crane (1895), kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Henry Fleming anakimbia vitani. Anapigwa kitako cha bunduki na askari wa upande wake mwenyewe, kisha anawaambia wenzake kwamba jeraha lile ni la risasi, nao wanamwamini. Wengi husimama hapo na kuandika "Henry avunjika moyo na vita". Hapana. Henry anarudi, anapigana, anabeba bendera, na mwisho anajiona amekuwa mwanaume kamili. Kilichotikisika ni picha aliyokuwa nayo juu yake mwenyewe. Wasomaji wanabishana mpaka leo kama Crane anakubaliana na hitimisho hilo la Henry au anamkejeli, na mjadala huo ndio wa kuandikia, si kule kukimbia.

Kipimo ninachokitumia: jiulize, kama mhusika angeondolewa hatarini leo, angemwamini tena aliyemtuma? Kama ndiyo, ilikuwa hofu.

Onyo la kwanza: usitangaze sura moja kuwa ndiyo "sura aliyobadilika". Paul anamchoma kisu askari wa Kifaransa aliyeangukia kwenye shimo alimojificha, kisha anakaa naye saa nyingi akimsikiliza anavyokata roho. Anafungua pochi yake, anaona picha za mke na mtoto, anajua jina lake ni Gérard Duval na kazi yake ni kupiga chapa. Anamwahidi maiti mambo mengi. Ungedhani hapa ndipo mwisho wa askari ndani yake. Lakini akirudi kwa wenzake, wanamwonyesha mdunguaji anayehesabu shabaha zake kwa furaha, na Paul anajituliza kwamba vita ni vita. Ahadi zile zinazama. Kuvunjika moyo hakuendi kwa mstari ulionyooka, na mchambuzi anayeunyoosha anadanganya.

Onyo la pili: kulia, kutapika na kutetemeka ni dalili za mwili. Peke yake hazithibitishi kitu.

Onyo la tatu: usichukue maneno ya mhusika ukayaita msimamo wa mwandishi.

Hatua ya 5. Tafuta likizo. Karibu kila riwaya ya aina hii ina mahali askari anaporudi nyumbani au anakutana na raia. Ndipo pengo linaonekana waziwazi. Paul anakaribishwa mezani na watu wazima wanaogawana nchi za watu kwa mdomo: mkuu wa shule anataka Ubelgiji yote, maeneo ya makaa ya mawe ya Ufaransa na kipande cha Urusi. Paul akisema mambo ni tofauti huko mbele, anaambiwa yeye anaona sehemu yake ndogo tu. Chumbani kwake anakaa mbele ya vitabu alivyovipenda, akingoja vimsemeshe kama zamani, na havimsemeshi. Halafu anamwapia mama yake Kemmerich kwamba mwanawe alikufa papo hapo bila maumivu. Angalieni hilo: aliyevunjwa na uongo wa watu wazima sasa ndiye anayemdanganya mtu mzima, kwa huruma, kwa sababu ukweli wa kule haupitiki huku.

Hatua ya 6. Sikiliza lugha. Sentensi zinafupika? Majina ya vitu yanachukua nafasi ya maneno makubwa? Katika A Farewell to Arms ya Ernest Hemingway (1929 pia), Frederic Henry anasema wazi kwamba maneno kama utukufu na heshima yamekuwa ya aibu kusikika, na kilichobaki na hadhi ni majina ya mahali, namba za vikosi na tarehe. Mene naye anasimulia kwa Kiingereza kilichovunjwa makusudi, na mvurugiko ule ni sehemu ya habari yenyewe.

Hatua ya 7. Angalia nani anasimulia ukurasa wa mwisho. Kwa Remarque, "mimi" anatoweka na sauti nyingine inaripoti kwamba Paul aliuawa Oktoba 1918, siku tulivu kiasi kwamba taarifa ya jeshi haikuwa na jipya la kusema.

MASWALI

kalamu_ya_usiku: Mkuu asante kwa somo. Naomba muhtasari wa hiyo ya Remarque, nakabidhi kazi kesho asubuhi.

Jibu: Hatua ya 1.

mdadisi77: Mbona mnamtukuza sana Remarque? Vitani penyewe hakukaa muda mrefu. Anajua nini?

Jibu: Aliitwa jeshini 1916, akafika mstari wa mbele katikati ya 1917, akajeruhiwa kwa vipande vya kombora mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, na sehemu kubwa ya muda uliobaki alikuwa hospitali. Ni kweli si muda mrefu. Sasa Crane alizaliwa 1871, miaka sita baada ya vita anavyovisimulia kwisha. Tunachambua maandishi, si cheti cha utumishi wa mtu. Kama una sehemu kwenye riwaya unayoona ni ya uongo, ilete tuijadili.

binti_msomaji: Shikamoo mwalimu. Nimekuwa nikifikiria watoto wanaotekwa na kupewa bunduki. Hao hawakuhutubiwa na mtu wala hawakujiandikisha. Hatua ya 2 inawahusu vipi?

Jibu: Marahaba dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Haiwahusu kwa namna ileile, na ni vizuri umeliona. Katika Beasts of No Nation ya Uzodinma Iweala (2005), Agu haingii na imani juu ya vita, kwa hiyo haipotezi. Alichokuwa nacho ni imani ya mtoto: kwamba mtu mzima anakulinda, na kwamba yeye ni mtoto mwema. Kamanda anamlazimisha kuua, tena kwa kuushika mkono wake na kuushusha na panga. Baada ya hapo, pambano lote la Agu ni kujishawishi kwamba yeye si mtu mbaya. Kwa hiyo badilisha swali la hatua ya 2 liwe: alimtegemea nani, na alijionaje? Kisha hatua ya 3 hadi ya 7 zinafanya kazi vilevile. Angalia hasa lugha: anasimulia kana kwamba kila kitu kinatokea sasa hivi, kama mtu asiye na "baadaye" ya kusimama na kutazama nyuma. Ukimaliza msome na Birahima wa Ahmadou Kourouma katika Allah n'est pas obligé (2000), anayesimulia akiwa na kamusi mkononi, na utaona njia mbili tofauti kabisa.

binti_msomaji: Nashukuru sana. Na walioshinda je? Mifano mingi ni ya walioshindwa.

Jibu: Soma The Sorrow of War ya Bao Ninh, aliyepigana upande wa Vietnam ya Kaskazini, yaani upande ulioshinda. Mhusika wake Kien, baada ya ushindi, yuko kwenye kikosi cha kukusanya mabaki ya waliopotea vitani. Riwaya inaruka mbele na nyuma kwa sababu kumbukumbu za Kien hazikubali kukaa kwa mpangilio. Ushindi haumrudishii mtu wala kitu.

simba_wa_maneno: Kwa hiyo nikiona askari analia ndio kavunjika moyo?

Jibu: Onyo la pili, hatua ya 4. Lipo hapo juu.

mwandishi_chipukizi: Mimi naandika hadithi yangu mwenyewe ya vita. Naweza kutumia hatua hizi kinyumenyume?

Jibu: Unaweza, na anza na hatua ya 3. Tafuta kitu kidogo chenye matumizi, kipite mikononi mwa watu kadhaa, na kila anayekipokea akieleze kwa maneno machache kuliko aliyetangulia. Mwalimu au mzee aliyemtuma kijana mpe sababu za kweli, awe anampenda kijana huyo. Mhamasishaji mwovu moja kwa moja anakurahisishia kazi na kuiua hadithi. Na mhusika wako asihutubie kwamba vita havina maana. Mwache akatae kitu kidogo alichokuwa akikipenda.

kalamu_ya_usiku: Nimepata filamu ya 2022 badala ya kitabu. Nimeangalia yote, hiyo likizo sijaiona. Umekosea hatua ya 5.

Jibu: Filamu ya 2022 imeiondoa likizo yote, ikaongeza mazungumzo ya kusitisha vita, na Paul anauawa dakika za mwisho kabisa tarehe 11 Novemba. Kwenye kitabu hayo hayapo. Ukichambua riwaya kwa kutumia filamu hiyo, anayesahihisha atajua kwa kusoma aya moja.

mzee_wa_maktaba: Niongezee hapo: kwenye filamu ya 1930 likizo imo, ila wamemfanya Paul aende darasani kwa mwalimu wake na kuwaambia wanafunzi ukweli. Kitabuni hafanyi hivyo.

Jibu: Asante mzee wangu. Na kitabuni Kantorek mwenyewe anaishia kuitwa jeshini, na anayemchezesha kwata ni mwanafunzi wake wa zamani. Mwenye muda alinganishe matukio hayo mawili: filamu inampa Paul sauti mbele ya darasa, riwaya inamnyima. Ni mada nzuri ya insha nzima, na sijaona mtu akiileta hapa bado.