Kuhakiki Filamu Bila Kupoteza Ladha Yake

Wapo wanaoamini kwamba anayeihakiki filamu hawezi kuifurahia, kana kwamba kila anapocheka anakuwa ameisahau kazi yake. Mimi nashikilia kinyume chake: kicheko na machozi ya mtazamaji ndiyo ushahidi wa kwanza wa uhakiki, na asiyeguswa na chochote hana cha kuchunguza.

Kwa hiyo, mara ya kwanza itazame filamu kama mgeni aliyealikwa. Zima simu, weka daftari mbali, usitangulie kusoma maoni ya mtu, na ukiweza keti pamoja na wengine, kwa maana ukumbi unaonyamaza ghafla hufundisha jambo ambalo huwezi kulipata ukiwa peke yako sebuleni. Filamu ikiisha, kabla hujajadiliana na yeyote, andika mambo mawili tu: ni wapi ulisahau kwamba unatazama filamu, na ni wapi uliangalia saa.

Rudia sehemu hizo, wala si lazima filamu nzima. Zitazame ukiwa umezima sauti, ili uone kamera imewekwa wapi, mwanga unamwangukia nani na picha inakatwa wakati gani. Kisha fumba macho usikilize muziki unaingia lini, na kama unakulazimisha kuhuzunika kabla mwigizaji hajafanya lolote.

Nachukua mfano wa Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Inamhusu Jo, msichana mdogo mwenye ugonjwa usioponyeka, ambaye mama yake anamrudisha nyumbani ili siku zilizobaki wawe pamoja. Jo anapenda mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na dada yake, Mwix, anawashawishi wanakijiji wamwigizie kana kwamba naye anazo. Nililia. Hata hivyo, machozi yangu peke yake hayatoshi kuisifu filamu, kwani mtoto mgonjwa humliza mtazamaji hata katika filamu mbovu, na mhakiki hana budi kuuliza kama machozi hayo yalitolewa jasho. Niliporudia sehemu zilizonigusa, niliona kwamba karibu zote ni zile za majirani, watu wazima wenye shughuli zao, wanaokubali kujifanya ili mtoto wa mwenzao afurahi. Kilichoniliza ni wema wao, na wema huo filamu iliujenga hatua kwa hatua mbele ya macho yangu. Bila kurudia, ningeandika tu kwamba inasikitisha.

Upande wa kasoro, ipime filamu kwa kile ilichokusudia na kwa uwezo uliokuwepo. Filamu nyingi za Bongo Movie zimetengenezwa kwa fedha kidogo na kwa siku chache, kwa hiyo kumlaumu mwongozaji kwa kukosa milipuko mikubwa ni kumwonea. Lakini mazungumzo yasiyosikika ni kasoro popote pale, na gari linaloonyeshwa likipiga honi, likifunguliwa geti, likiingia na kuegeshwa, huku hadithi haijasogea hata kidogo, ni tatizo la uhariri ambalo mkasi tu ungelimaliza.

Katika kuandika, aya moja inatosha kueleza kisa, na mwisho usiufichue. Sema ulichohisi, kisha taja tukio lililokufanya uhisi hivyo. Kusema kwamba waigizaji wameigiza vizuri hakumsaidii msomaji. Mweleze mwigizaji alifanya nini kwa macho, kwa mikono au kwa ukimya wake.

Ukimaliza, isome rasimu huku karatasi yako ya kwanza ikiwa kando. Ikiwa uliandika kwamba ulicheka hadi ukashika mbavu, na kicheko hicho hakimo popote katika uhakiki wako, irudie sehemu hiyo ya filamu, kisha uandike upya.